Mshahara Niliouacha Mlangoni

Nataka kuwaambieni kosa langu, ili mwenye hasira kama mimi apate akili mapema.

Hapa Lubumbashi nilifanya kazi miaka 2 katika nyumba ya kuoka mikate. Asubuhi moja bwana alinigombeza mbele ya wenzangu kwa ajili ya mikate iliyoungua. Kweli, mimi ndiye niliyeiunguza. Lakini nikavua aproni, nikaitupa mlangoni, nikaenda zangu bila kuaga. Mwezi ule nilikuwa nimekwisha kufanya siku 15.

Nyumbani unga ukaisha. Nikamtuma mdogo wangu kuniombea mshahara. Bwana akajibu: «Aliyekimbia kazi hana kitu kwangu.» Nami kwa haya nikasadiki. Majuma mawili watoto walikula kwa deni.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa karani zamani, akaniambia: «Mwanangu, kazi uliyoifanya umekwisha kuifanya. Nenda kwa inspekta wa kazi.»

Nikaenda. Inspekta akatuita sote wawili, maana sheria ya kazi ya mwaka 2002 yataka watu wajaribu kupatana mbele yake kabla ya kufika kwa mahakimu. Akamwambia bwana: «Siku 15 ni jasho lake. Hasira yake haizifuti.» Nikafurahi sana.

Kisha akanigeukia: «Na wewe je?» Akahesabu. Bwana anayemwondoa mfanyakazi wa kontra isiyo na mwisho humpa habari siku 14 za kazi kabla, na kuongeza 7 kwa kila mwaka mzima wa kazi. Kwangu zilikuwa 28. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe hutoa nusu yake: siku 14. Asiyezitimiza hulipa mshahara wa siku zile.

Nikainamisha kichwa. Nilikuja kudai siku 15, kumbe nami nina deni la siku 14!

Tukapatana. Bwana alinilipa siku zangu 15, nami nikarudi tanuruni siku 14, kwa mshahara, nikimfundisha aliyeshika nafasi yangu. Siku ya kuondoka tulipeana mkono.

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliwaonya mabwana wasizuie mshahara, akawaonya na wafanyakazi watimize mapatano yao. Ndugu, usiache jasho lako kwa sababu ya haya. Lakini hasira ikikushika, lala kwanza. Kukicha, andika barua ya kuaga, tia tarehe, ukae na nakala yake.