Mtungi wa Seyyid Barghash

Ukisikia habari za wafalme na majumba yao, bila shaka akili yako hukimbilia dhahabu na mazulia. Hata yangu. Lakini mimi ni mkazi wa kijiji cha Raila, hapa Kibera, na mtu wa Raila husoma historia akiwa na mtungi mkononi. Kwa hivyo usinicheke nikianza na jumba la sultani halafu nikaishia bombani.

Katika mdahalo wa chama chetu, hoja ilikuwa kwamba majumba ya wafalme ni hasara tupu kwa raia. Nilipangiwa upande wa kupinga, nikaamua kumtetea Seyyid Barghash bin Said, wa ukoo wa Busaidi uliotoka Omani. Yeye alitawala Unguja kuanzia 1870 hadi alipoaga dunia 1888. Siku nne niliganda maktabani kama kupe.

Kwa kweli maisha ya mtu huyu yalikuwa sinema. Mwaka wa 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid. Mambo yakamwendea mrama, Waingereza wakaingilia kati, naye akapelekwa uhamishoni Bombay, Uhindi, kwa muda wa karibu miaka miwili. Wengi husema huko ndiko alikoonja raha za mji mkubwa. Mimi macho yangu yaling'ang'ania jambo jingine: mwaka wa 1860 mji huo wa Bombay ulianza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar. Kijana wa kifalme, hana kazi, amekaa tu ugenini, anaona maji yakisafiri kutoka ziwani hadi mjini. Ati hakuyatazama? Sidhani.

Alipopata kiti, hakukalia mto laini. Mwaka wa 1872 kimbunga kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata akatia sahihi mkataba wa Waingereza wa kufunga soko la watumwa. Maji yalimfika shingoni, lakini hakuacha kujenga. Mwaka wa 1883 jumba lake la Beit al-Ajaib lilisimama mbele ya bahari, limezungukwa na veranda pana zilizobebwa na nguzo za chuma, na milango yake imechongwa hata huoni mahali patupu pa kuweka kidole. Baadaye likawekewa umeme na lifti, vitu ambavyo watu wa pwani hii hawakuwa wameviona. Ndiyo maana likaitwa la ajabu. Alijenga pia Marhubi, nje ya mji, kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake, na hamamu ya Hamamni pale Mji Mkongwe, ambayo watu wa mji waliruhusiwa kuoga.

Muziki nao hakuuacha. Inasimuliwa kwamba alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, ili amtumbuize kwa taarab. Mwanzoni taarab ilikuwa ya masikio ya wakubwa tu. Mwaka wa 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na baadaye Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, akaiimba kwa Kiswahili chetu hiki na kwenda kurekodi sahani za santuri mwaka wa 1928. Wapi? Bombay tena!

Haya yote niliyamwaga jukwaani, makofi yakanipa kichwa. Halafu akasimama binti mmoja wa Kidato cha Tatu, mkazi wa Kawangware. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mheshimiwa mwenyekiti, mikarafuu iliyolipia nguzo hizo ilichumwa na nani?" Ukumbi ukawa kimya kama maji mtungini. Soko lilifungwa 1873, ndiyo, lakini mashambani Unguja na Pemba watumwa waliendelea kuchuma hadi utumwa ulipopigwa marufuku kisheria 1897, miaka 9 baada ya Barghash kufa. Swali hilo halina jibu la kulipunguza makali, nami sitalitafuta hapa. Kila nikitazama picha ya ile milango sasa naona na mikono.

Lakini kuna kitu ambacho sikukitoa jukwaani kwa sababu kengele ililia, na ndicho kilichonifanya niandike. Barghash alichukua maji ya chemchemi ya upande wa Bububu, kaskazini ya mji, akayapitisha kwenye mifereji hadi mjini, watu wakateka. Bure.

Nilimsimulia mama jioni hiyo akipika sukuma. Habari za lifti hazikumshtua hata kidogo. Nilipofika kwenye maji, mwiko ukasimama.

"Baba, aliuza mtungi pesa ngapi?"

"Hakuuza, mama. Alitoa tu."

"Kwani hakukuwa na wenye kukata mabomba usiku?"

Mtu asiyeishi kwetu huenda asielewe swali hilo. Mtungi wa lita 20 siku njema tunanunua shilingi 5. Bomba likikauka, bei inapanda hadi 20, na mara nyingi halikauki lenyewe, kuna mkono. Nimeamka saa kumi alfajiri nikapanga foleni na mitungi mitatu, kisha nikaingia darasani nikisinzia wakati mwalimu anafundisha ngeli. Kwa hivyo nikisoma kwamba mtawala wa zaidi ya miaka 130 iliyopita alifikiria koo za watu wake, simsamehe ya mashambani, lakini namwandikia alama hiyo moja.

Majumba yake hayakuwa na bahati. Marhubi iliungua 1899, zimebaki nguzo za mawe na vipande vya mfereji uliopeleka maji kwenye hamamu zake. Beit al-Ajaib ilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, ingawa mnara wa mbele yake ulianguka. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa ikaporomoka na kuua mafundi wawili.

Huku Kibera sasa kuna mabomba yaliyopitishwa juu angani, yamefungwa kwenye nguzo ndefu juu ya mabati, ili wezi wa maji wasiyafikie. Nilimwonyesha mama picha ya ule mfereji wa Marhubi, mawe juu ya mawe katikati ya minazi. Akaitazama sana. Akasema nguzo zetu ni nyembamba, lakini angalau hizi zinapita kwetu.