Kioo kipya, je kamera?
Jiwe la lori limepasua kioo cha mbele cha Harrier ya kaka yangu hapa Londiani. Kidoa kidogo huzibwa kwa gundi maalumu, lakini ufa huu ulikuwa mrefu kama mkono. Fundi akaweka kioo kipya, akasema kazi imekwisha.

Haijaisha. Gari hili la 2017 lina kamera nyuma ya kioo, inayosaidia kufunga breki yenyewe. Ikipinda digrii 1 tu, mita 50 mbele inakosea karibu sentimita 87. Aliye kando ya barabara anaweza kuonekana yuko barabarani, au kinyume chake.

Kaka hubeba watoto usiku. Nimemwambia asiitegemee breki hiyo hadi kamera ipimwe upya kwa mashine. Mnaonaje?