Nebula Yangu Iliyopendwa Zaidi Ndiyo Ninayoionea Aibu

Picha yangu iliyopata laiki nyingi kuliko zote ni ya nebula ya Carina, na kusema ukweli siwezi kuiangalia tena. Katikati imewaka rangi ya dhahabu, pembeni buluu kama bahari ya Diani, nyota nimezipunguza mpaka zinakaa kama chumvi iliyomwagika. Wasee waliandika "moto sana", wengine "peleka NASA hii". Nilikaa kitandani nikihesabu komenti kama pesa.

Wacha niwaambie ilivyotengenezwa.

Februari, ukingo wa Menengai, saa saba usiku. Baridi ya huko juu si ya kuchezea. Carina iko upande wa kusini, na kutoka hapa haipandi sana, kama digrii 30 tu juu ya upeo. Sasa kusini mwa Menengai kuna nini? Kuna Nakuru yenyewe na taa zake zote. Tangu tupewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 mimi sijaona taa hata moja ikipunguzwa. Ndiyo maana natumia filta ya bendi mbili. Inazuia karibu mwanga wote na kuacha vipande viwili vyembamba: mwekundu wa hidrojeni kwenye nanomita 656.3, na wa oksijeni kwenye nanomita 500.7, kijani kinachoelekea buluu. Taa za mtaani hutawanya mwanga wao kwenye rangi nyingi, kwa hivyo kinachopenya ni kidogo. Nebula nayo inamwaga wake hapo hapo kwenye dirisha.

Halafu kuna hii ambayo video za majuu hazikwambii. Wanasema elekeza stendi kwenye nyota ya kaskazini, ndiyo iweze kufuata anga inavyozunguka. Nyota gani? Nakuru iko chini kidogo tu ya ikweta, haijafika hata nusu digrii. Ncha zote mbili za anga zimelala kwenye upeo, nyuma ya milima na vumbi. Unakisia, unapiga picha ya majaribio, nyota zimekuwa mistari, unasukuma stendi kidogo, unarudia. Siku ya kwanza nilimaliza saa mbili na nusu nzima hapo.

Kwa usiku mbili nikapata picha 64 za dakika tatu tatu. Ukizipanga moja juu ya nyingine, chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, yaani picha 64 zinakupa usafi mara 8. Hiyo ni kazi halali. Hakuna mahali nilidanganya mpaka hapo.

Shida ilianza nyumbani, na laptopu, saa tisa usiku.

Mwanzoni unavuta mwanga juu kidogo na wingu linatokea. Tamu sana hiyo dakika. Unakoleza rangi. Unanoa kingo. Unaona chenga, unazilainisha, sasa gesi inakaa plastiki, basi unanoa tena ili irudishe uhai. Sehemu za giza unazisukuma ziwe nyeusi tii kwa sababu nyeusi inapendeza kwenye simu, na hujui kwamba umezika gesi hafifu yote iliyokuwa pembeni, ile ile iliyokulaza kwa baridi. Jicho linazoea. Kila baada ya dakika kumi picha inaonekana imepoa, unaongeza tena.

Mwisho nikataka rangi za Hubble. Mnazijua: zile Nguzo za Uumbaji za mwaka 1995, za Jeff Hester na Paul Scowen. Wao walipiga gesi tatu na kuzigawia rangi, salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Mimi nilikuwa na gesi mbili tu. Nikachanganya hizo mbili kwa hesabu mpaka ikatoka dhahabu inayofanana, nikaandika chini ya picha: "hidrojeni, oksijeni na salfa."

Binti ya shangazi yangu alikuwa Fomu 2. Aliiweka ile picha kwenye simu ya mamake na akaanza kunisumbua nimpeleke akaione na macho yake. Likizo ya Aprili, usiku mmoja mvua ikatuhurumia, tukapanda Menengai na shangazi, saa nne hivi. Nikaelekeza darubini, nikamwambia weka jicho hapa. Akaangalia muda mrefu. Alichokiona ni ukungu wa kijivu na nyota nyingi.

"Kwa hivyo hizi rangi ulipaka?"

Nikaanza kueleza. Kwamba mwanga ukiwa hafifu macho yetu hayashiki rangi. Kwamba hiyo gesi iko takribani miaka-nuru 7,500 kutoka hapa. Kwamba hidrojeni na salfa zote mbili ni nyekundu kwa asili, karibu sawa, kwa hivyo ukiwapa kila mmoja rangi yake unaweza kuona gesi ipi iko wapi, na huo si uongo. Hata nikamwambia satelaiti ya Uhuru, ile iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa inatazama eksirei, kitu ambacho hakuna jicho la mtu limewahi kuona. Nilikuwa nimeiva kabisa.

"Sawa. Na salfa uliiona na nini?"

Manze. Shangazi akacheka, mimi nikajifanya narekebisha stendi.

Maana huyo mtoto alikuwa amegusa pale pale. Kuchagua rangi ni kama kuchora ramani, msomaji anahitaji tu kuambiwa buluu ni nini. Kuweka kitu ambacho kamera haikukipata ni kupika. Na kunoa kupita kiasi ni kupika pia, kwa sababu baadhi ya zile nyuzi nyembamba za gesi nilizokuwa najivunia zilikuwa ni chenga tu zilizochongwa zikapendeza. Nimekulia karibu na ziwa hili, nimeona picha za flamingo zilizokolezwa waridi mpaka maji yenyewe yamekuwa waridi, na nilikuwa nawacheka hao wapiga picha.

Nimeirudia yote. Sasa nazigawa zile picha 64 mara mbili, 32 hapa na 32 pale, naziediti sawasawa. Uzi wa gesi ukitokea upande mmoja tu, si gesi. Rangi ni mbili, nyekundu kwa hidrojeni, buluu ya kijani kwa oksijeni, na nimeandika hivyo. Giza nimeliacha liwe kijivu cha usiku, na hapo pembeni kumbe kulikuwa na wingu jembamba nililokuwa nimelifuta. Chenga ziko. Ziache. Kisha naifunga laptopu, naiangalia tena baada ya kulala.

Laiki ni chache, sitawaficha. Ile ya zamani bado ipo, nimebadilisha tu maelezo ya chini na kusema salfa haikuwepo. Mmoja akaniuliza kwa nini nimeharibu.

Nilimtumia binti ya shangazi hii mpya kabla ya kuiposti. Akajibu nyekundu bado imezidi.

Nimepunguza. Kidogo tu.