Deni la Mzee Bei Moja

Kila anapofariki Muislamu mtaani kwetu Unguja, husimama mmoja wa jamaa zake kabla ya maiti kuswaliwa akasema maneno ambayo masikio yetu yamekwisha kuyazoea: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa warithi wake, na mwenye kudaiwa na marehemu naye asinyamaze. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na mara nyingi ndiye ninayeshika daftari la kuandikia majina. Mwaka jana niliyasikia maneno hayo nikiwa katika safu ya pili, na kwa mara ya kwanza yalinihusu. Sikujitokeza. Makala haya ndiyo kujitokeza kwangu.

Marehemu alikuwa muuza kadi. Wengi mtaani walimjua kwa jina la Mzee Bei Moja, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Duka lake lilikuwa chumba chembamba katika uchochoro wa Mji Mkongwe, lenye meza moja, kiti kimoja cha mteja na makasha yaliyopangwa hadi darini. Humo mlikuwa na stempu na sarafu za kale, lakini moyo wa biashara yake ulikuwa kadi za posta, zile kadi za picha ambazo wasafiri na wafanyakazi wa kigeni walizituma kwao miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na ambazo leo watu wa nchi mbalimbali huzikusanya na kuzilipia fedha nyingi.

Kadi ya posta ilianzia Austria mwaka 1869, ikiwa karatasi ngumu tu ya kuandikia salamu fupi. Picha zilipoanza kuchapwa juu yake, Unguja haikuachwa nyuma. Wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walifungua studio mjini, na picha zao za forodha, mitaa, majumba na misikiti zikatawanyika duniani. Kwa hiyo leo, mtu akitaka kuona jinsi mji wa babu zake ulivyokuwa, huenda akaiona sura yake katika kadi iliyorudi kutoka Ujerumani au Uingereza baada ya miaka mia moja.

Nilimjua mzee huyu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Kiislamu. Siku ya kwanza niliingia dukani kwake nikitoka kula urojo. Kabla sijamaliza salamu alinitazama vidole. Aliniitikia, kisha akaniambia, "Kanawe kwanza. Kadi hii imevuka bahari mara mbili, isije ikafia mikononi mwako." Nikaenda kunawa, nikarudi. Niliipenda kadi moja ya mtaa wa Shangani. Bei yake ilikuwa shilingi elfu arobaini. Nikasema elfu ishirini. Akaichukua mkononi mwangu taratibu, akairudisha katika bahasha yake, akasema, "Maalim, mwenye kutaka kupatana bei, marikiti ya Darajani iko wazi mpaka jioni."

Hata hivyo nilirudi, kwani alikuwa na elimu ambayo haikufundishwa chuoni kwetu. Alinifundisha kuigeuza kadi kabla ya kuitazama picha. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 mgongo wa kadi ugawanywe sehemu mbili, moja ya anwani na moja ya barua. Kabla ya hapo mgongo mzima ulikuwa wa anwani, na mwandishi alibana maneno yake pembeni mwa picha. Alinionesha namna ya kulitazama jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883: ukiona mnara wa saa umeshikana na jumba lenyewe, basi picha ilipigwa baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Alinipa kioo cha kukuzia ili nione kwamba nakala za siku hizi zinazouzwa kwa watalii zimejaa vidoto, ilhali picha halisi haina vidoto.

Juu ya meza yake ilikaa pesa moja ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 Hijria, yenye sura ya mizani. Aliitumia kubania karatasi zisipeperuke.

Ghali alikuwa ghali, sitalificha hilo. Kadi niliyoikuta kwake kwa elfu arobaini niliwahi kuiona kwingine kwa elfu ishirini na tano. Tena alikuwa mkavu wa maneno, na mtoto aliyechezea makasha yake alitoka mle akilia. Lakini mimi niliyesoma fiqhi ya biashara nilijua kwamba ughali peke yake si dhambi. Bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume (S.A.W) wakamwomba awapangie bei, naye akajizuia, akihofia kukutana na Mola wake hali ya kuwa kuna mtu anayemdai dhulma. Kilichokemewa ni udanganyifu na kuficha aibu ya bidhaa. Na mzee huyu hakuficha. Juu ya kila bahasha aliandika kwa penseli ila ya kadi iliyomo: kona imekunjika, doa la kutu, stempu imebanduliwa. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba kosa langu sikulifanya kwa ujinga.

Miaka michache iliyopita kamati yetu ilikuwa ikichangisha fedha za kuukarabati msikiti. Nikapata wazo kwamba tukiwa na picha ya kale ya msikiti wetu, tukaikuza na kuitundika, wafadhili wangeona ukongwe wake na mikono ingefunguka. Nilikwisha kuiona picha hiyo dukani kwa mzee: msikiti mweupe wenye mnara, na chini yake maneno mawili tu ya Kiingereza yaliyosema kuwa ni msikiti na kwamba ni Unguja. Niliamini kuwa ni wetu. Nikasimama baada ya swala ya Ijumaa nikawatangazia waumini kwamba picha ya zaidi ya miaka mia moja imepatikana. Kamati ikanipa shilingi elfu sitini.

Mzee alitaja laki moja na nusu. Nikamweleza kuwa ni kwa ajili ya msikiti. Akaniuliza, "Msikiti upi?" Nilipomtajia, akaivuta kadi, akaiweka chini ya kioo, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Huu si msikiti wenu, Maalim. Misikiti mingi ya mji huu wa kale haikuwa na minara, na wenu ulikuwa mmojawapo. Mnara wenu umejengwa mimi nikiwa mtoto. Mchanga wake nimeubeba kichwani. Kadi hii ina mnara, na mimi sikuwa nimezaliwa ilipochapwa."

Nikamsihi. Nikamwambia kuwa inafanana, na kuwa hakuna atakayejua. Nilipoona amenyamaza, nikamwambia kuwa ningekwenda kuomba nyongeza ya fedha ili nimlipe hiyo laki na nusu kamili. Akaiingiza kadi katika mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. "Kwa kazi hiyo," akasema, "haina bei."

Nilitoka pale nimeiva kwa hasira, lakini chini ya hasira ile palikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho ni aibu. Nilikwisha kutangaza mbele ya watu. Katika kikao kilichofuata mwenyekiti aliniuliza picha iko wapi, nami nikasema kuwa muuzaji alipandisha bei, kisha akakataa kabisa kuuza. Kila neno katika hayo lilikuwa na kipande cha ukweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Sikusema kwamba alikataa ili nisiwadanganye waumini. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye katibu, nikayaandika kwa mkono wangu katika kumbukumbu za kikao: "Muuzaji amekataa kwa tamaa. Inaonekana maslahi yake yako kwa wageni anaowauzia historia yetu."

Maneno hayakukaa daftarini. Yalifika barazani, na barazani yakaongezwa chumvi. Mzee alikuwa akiswali nasi magharibi na isha. Baada ya miezi michache hatukumwona tena. Nilikutana naye jioni moja akitembea kwa mkongojo kuelekea msikiti wa mtaa wa pili, mbali kwa miguu ya mtu wa umri wake. Nikamtolea salamu. Akaitikia kwa ukamilifu, akapita. Sikumwuliza lolote, na hakunieleza lolote. Nafasi ile ilikuwa ya hatua tatu tu, nami niliiacha ipite.

Alipofariki, jeneza lake lililetwa kwetu kwa sababu ndio msikiti wa jirani na nyumbani kwake. Mwanawe akasimama akayasema yale maneno ya madeni. Hakuna aliyejitokeza kumdai mzee hata senti. Kisha mwanawe akauliza nani anadaiwa naye, nami nikaangalia mkeka. Tukamswalia, tukamzika Mwanakwerekwe.

Baada ya hitima, mwanawe alinivuta kando. Alisema kuna kasha ambalo wao warithi hawajui la kulifanya, na alitaka ushauri wa mtu aliyesoma. Lilikuwa kasha la bati, na juu yake mzee alikuwa ameandika neno moja: Haliuzwi. Ndani mlikuwa na kadi za wanawake. Wasomaji wa ukurasa huu ni familia, kwa hiyo nitasema kwa mkato: katika zama zile, wapo wapiga picha waliowaweka wanawake wa pwani yetu mbele ya kamera kwa namna ambayo hakuna mtu angependa mama yake aonekane, wakazichapa na kuziuza. Chini ya picha hamkuwa na jina la mwanamke yeyote, ila kabila au mji tu, kama inavyoandikwa bidhaa. Kadi za aina hiyo zina wanunuzi wengi. Mzee alikuwa akizinunua popote alipoziona, na nyuma ya kila bahasha aliandika kwa penseli bei aliyotoa. Nyingine zilikuwa ghali kuliko chochote alichowahi kuniuzia.

"Baba alikuwa akisema kuwa hawa ni bibi zetu," kijana alinieleza. "Alikuwa akiuliza, nani aliyewaomba ruhusa?"

Nilikaa na kasha lile magotini, nikaikumbuka sentensi yangu ya daftarini. Nilikuwa nimeandika kwamba mtu huyu anawauzia wageni historia yetu, kumbe sehemu ya faida yake ilikuwa ikienda kuinunua sitara ya watu asiowajua, waliokwisha kuwa udongo. Sisemi alikuwa walii. Alikuwa muuza kadi mwenye bei kali na ulimi mkali zaidi. Ninachosema ni kwamba nilimtia doa ambalo hakuwa nalo. Shauri la kasha lile ni la warithi wake, nami si wa kulitangaza hapa.

Papo hapo nikamweleza kijana yote, tangu kadi ya msikiti hadi daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kama baba yake alivyokuwa akinyamaza, kisha akatabasamu kidogo. "Mimi na ndugu zangu tutakusamehe, inshaallah, kwa upande wetu. Lakini Baba mwenyewe, Maalim, unajua hakuwa mtu wa kupunguza."

Neno hilo halijanitoka. Mtume (S.A.W) aliwaeleza masahaba zake kuwa muflis wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu na kumsingizia yule, basi mema yake yagawiwe wanaomdai mpaka yaishe. Mimi kazi yangu ni hesabu na kumbukumbu. Nilikuwa nikijua kila shilingi iliyoingia katika sanduku la msikiti, na sikuijua hali ya daftari langu mwenyewe.

Wanazuoni wametaja kwamba aliyemsengenya mtu kisha akashindwa kumfikia, amwombee maghufira na amtaje kwa wema pale pale alipomtaja kwa ubaya. Katika kikao kilichofuata, tulipofika kwenye yatokanayo na vikao vilivyopita, niliomba kusahihisha kumbukumbu za siku ile. Mwenyekiti akasema kwa upole kuwa mtu amekwisha kufa, tuyaache. Nikamwomba aniruhusu. Nikayasoma maneno yangu ya zamani kwa sauti, nikaeleza yaliyotokea dukani, nikayapiga mstari mmoja mwembamba. Sikuyafuta, maana daftari la kikao halifutwi, na ni haki wajukuu wetu wayasome yote mawili. Juu yake nikaandika: "Muuzaji alikataa kwa sababu picha haikuwa ya msikiti wetu. Katibu aliambiwa, naye akaficha." Wajumbe wakatia saini. Hakuna aliyenitazama usoni kwa muda, na hilo nalo nililistahiki.

Ndugu msomaji, huenda nawe una mtu wa namna hii katika mtaa wako: fundi mwenye bei ya juu, muuza duka asiyecheka, jirani ambaye ni rahisi kumsema kwa kuwa hana wa kumtetea. Kabla hujalipeleka neno lake barazani, jiulize kama ungelisema siku ile mwanawe atakaposimama mbele ya jeneza. Na kama umekwisha kulisema, mtafute leo, maadamu bado anatembea na anaitikia salamu.

Ewe Mola, mghufirie mzee wetu, usitiri aibu zake kama alivyowasitiri wale asiowajua, na utusaidie kulipa madeni yetu kabla ya siku ambayo hakuna kupatana bei. Amin.