Nilimrudisha Darasa la Saba

Januari 2014, katika shule moja ya msingi huku Ainabkoi, nilimrudisha msichana wa miaka 14 darasa la saba. Alikuwa amepata alama 138 kati ya 500, na sikutaka alama hizo zifike kwenye KCPE, mtihani wa kitaifa wa darasa la nane.

Hesabu niliifanya usiku. Darasa lilikuwa na wanafunzi 31 na wastani wa 238. Nikiwaondoa watano wa mkiani, wastani ulikaribia 257. Alama 19, na sikuwa nimemfundisha mtoto yeyote chochote.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikuwa imekwisha kukataza mwanafunzi kurudishwa darasa. Nilikuwa nimeisoma. Hakuna aliyenilazimisha, nilitaka shule yetu isomwe juu kwenye orodha, na jina langu lisikike pamoja nayo.

Mama yake alikuja na gambuti zenye matope ya shamba la viazi. “Mwalimu, mdogo wake ndiye anaingia la saba. Watakaa dawati moja?”

Nikamwambia kurudia kutamsaidia. Ulikuwa uongo. Msichana yule alishindwa kusoma aya ya Kiingereza akaielewa, na pengine alipotea tangu darasa la tatu. Mimi nilimpangia masomo yaleyale ya la saba, kwa sauti yangu ileile, nduguye akimtazama. Alivumilia wiki sita, kisha hakuonekana tena darasani.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Mtaala umebadilika, na nimeufurahia. Lakini bado nasikia walimu wakiulizana, “Hawa wa chini tutawafanyaje ili wasituangushe?” Swali hilo ni langu, nalitambua hata likisemwa kwa upole. Mageuzi ninayoyaomba ni madogo na yana gharama: kila shule iwe na mwalimu na saa kwenye ratiba za kumrudia mtoto pale alipopotelea, hata kama yuko Gredi ya Saba na alipopotelea ni Gredi ya Tatu. Mtoto asogee na wenzake, ila somo ndilo limrudie.

Januari 2025 msichana yule niliyemrudisha alikuja kumwandikisha mwanawe Gredi ya Kwanza. Nilikuwa mezani na fomu. Alinisalimu kwa heshima, akaketi, akauliza, “Mwalimu, huyu akilemewa, mtaniita mapema?”

Nilimwomba radhi papo hapo, wazazi wengine wakisikia. Alinyamaza kidogo, halafu akasema tumalize fomu kwanza.