Siku Niliyokuwa Gavana

Msomaji wangu, huenda umepita katika barabara ya Muindi Mbingu mjini Nairobi, ukaenda zako bila kuuliza mwenye jina hilo alikuwa nani. Sikulaumu. Mimi nilizaliwa Machakos, nami sikuuliza mpaka siku nilipovikwa kofia yenye manyoya ya jogoo nikaambiwa, "Wewe ndiwe Gavana."

Ilikuwa mwaka 1988. Mwalimu wetu wa historia alikumbuka kuwa miaka 50 ilikuwa imetimia tangu Gavana wa Kenya alipokuja Machakos kuonana na Wakamba, akaazimia tuiigize ziara ile mbele ya watu wa mji. Kila mvulana alitaka kuwa Muindi Mbingu. Ugavana uliniangukia mimi kwa kuwa nilikuwa mrefu, na kwa kuwa nilichelewa kukataa.

Yakupasa kuyajua yaliyotangulia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema kuwa ng'ombe wa Ukambani wamezidi, na kwato zao zinaiharibu ardhi. Kwamba udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua ni kweli. Lakini malisho ambayo Wakamba walinyang'anywa wakapewa walowezi, kama yale ya vilima vya Mua, hayakutajwa sana. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa kwa nguvu, kwa bei ya chini, na kule Athi River kiwanda cha nyama kilikuwa kikiwangoja. Mwishoni mwa Julai watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakamfuata Muindi Mbingu mpaka Nairobi, mwendo wa kilomita 60 na zaidi, wengi wao kwa miguu. Wakapiga kambi Kariokor, mahali palipopata jina lake kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wakakaa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana mwenyewe. Ndipo Gavana akaja Machakos, mwezi Agosti.

Huyo alikuwa Sir Robert Brooke-Popham, jemadari mkuu wa jeshi la anga la Uingereza, mmoja wa waliolilea jeshi hilo tangu ndege zilipokuwa za mbao na turubai. Kwao alikuwa shujaa. Nawe fikiri: shujaa wa mawinguni yuko mbele ya watu waliokuja kudai ndama wao, na kiongozi wao anaitwa Mbingu!

Basi siku yetu ikafika. Niliingia uwanjani juu ya gari la kuazima, askari wangu wakiwa na bunduki za miti. Wachuuzi waliacha nyanya na maembe yao wakaja kucheka. Amri ikatolewa, watu wote wakasimama kama walivyoelezwa, nami nikaanza hotuba, ambayo ilikuwa ya kutungwa na mwalimu, maana ile ya Gavana hatukuwa nayo. Sikufika mbali. Mzee mmoja, ambaye hakupewa sehemu yoyote katika mchezo, alipaaza sauti: "Warudishe ng'ombe wa baba yangu!" Kicheko kikakoma. Maneno yakanipotea kichwani, jasho likanitiririka chini ya manyoya.

Katika kimya kile nikamwona nyanya yangu. Alikuwa ameketi chini, mstari wa mbele, peke yake kati ya watu waliosimama. Askari wangu mmoja alimwendea, akamnong'oneza mara tatu kwamba mbele ya Gavana husimamwa. Nyanya alijifunga leso yake vizuri, asijibu, asiondoke.

Tuliumaliza mchezo kwa shida. Tuliigiza na Muindi Mbingu akikamatwa na kupelekwa Lamu, mbali na watu wake, kama alivyofanyiwa mwaka ule ule; na msomaji wa mwisho akatangaza kwamba kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Watu walipiga makofi. Mimi sikuyasikia vema.

Jioni nilimkuta nyanya jikoni, akichambua pojo. Nilikuwa nimekasirika, nilidhani amenifedhehesha mbele ya shule nzima. Nikamwuliza kwa nini alikataa kusimama.

"Mjukuu wangu," alisema, bila kuinua macho kwenye ungo, "nilikuwa na miaka 12. Gavana alipokuja, mama alinishika mkono akaniinua, tukasimama. Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, nasi tukasimama."

Kisha akaniambia nimletee maji.