Tope la Chini ya Daraja Sichoti

Kabla hatujaingia mtoni nawaambia vijana wavue pete. Dhahabu kwenye mashapo tunaipima kwa sehemu kwa bilioni, kwa hiyo chembe iliyokwaruzika kidoleni yaweza kuzua mgodi pasipo na kitu. Chini ya daraja au karavati pia sichoti: bati lenye zinki litanipa habari za barabara, nami nimefuata habari za mwamba.

Tunachota katikati ya mkondo, tukianza chini na kupanda, miguu isije ikavuruga pa kuchota baadaye. Tope linapita kwenye chekeche la matundu kama milimita 0.18, ule unga unaopita ndio unaokwenda maabara. Umesagwa kutoka kila jiwe lililo juu ya mto huo, pamoja na kila walichomwaga watu.

Kuvitenganisha hivyo viwili ndiyo kazi yenyewe. Kule Kalalani, Korogwe, nikeli na kromu zikipanda pamoja sina wa kumshuku. Huo ni mwamba wa serpentinaiti, ambao wachimbaji wa rubi na yakuti wanaufahamu kuliko mimi.

Handeni kuna utata zaidi. Aseniki mara nyingi huandamana na dhahabu mwambani, kwa hiyo nikiikuta huitazama milima kwanza. Zebaki ikiwa juu, naulizia mwalo, pale wachimbaji wanapooshea dhahabu, uko wapi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini kwenye karai la mchimbaji mdogo zebaki ingali rahisi kuliko njia nyingine. Tena marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, huachia aseniki ileile ya mwamba, na dhahabu iliyobaki ndani yake hushuka na mvua za masika ikatudanganya. Ndiyo maana nachota juu ya mwalo na chini yake. Wenye fedha huniambia sampuli ya juu ni gharama ya bure. Bila hiyo, mchimbaji atabebeshwa kosa la mlima, au mlima utasingiziwa kosa lake.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, basi maji haya tunywe?" Nilimwambia tope halijibu swali hilo, kwa kuwa aseniki inaweza kuwa imeshikwa na kutu ya chuma isiingie majini. Tukachuja maji, tukayajaza kwenye chupa ya peke yake na kuyatia asidi, ikaenda maabara na fomu nyingine.